Mfano wa maji na barafu tuuache

Katekista akifika kwenye somo la Utatu, yaani Mungu mmoja katika nafsi tatu, kimbilio lake huwa ni maji. Barafu, maji, mvuke: hali tatu, kitu kimoja. Watoto wanaitikia kwa vichwa, na dakika tano baadaye somo limekwisha. Kwa maoni yangu, limeharibika hapo hapo.

Tone moja la maji haliwi barafu na mvuke kwa wakati mmoja, linageuka. Kwa hiyo mtoto anaondoka akiamini kwamba Mungu hugeuka: jana Baba, kisha Mwana, leo Roho. Hayo ni mafundisho ya Sabelio, mwalimu wa kale, na Kanisa liliyakataa tangu karne ya 3. Afadhali kufungua Mathayo 3:16-17. Mwana anatoka majini Yordani, Roho anashuka kama hua, sauti ya Baba inasikika kutoka mbinguni. Watatu, saa ileile. Mfano wa mtu mmoja aliye baba, mume na mwalimu una ugonjwa uleule. Wa yai (ganda, ute na kiini) unakosea kwa upande mwingine, maana ganda peke yake si yai, ilhali Baba si kipande cha Mungu.

Sasa tufundishie nini? Kanuni ya Imani yenyewe, ile ndefu ya Nikea, ambayo wengi tunaikariri kwa kasi ya kuwahi sadaka. Katika maneno ya Misa ya Kiswahili, simama kwenye "aliyezaliwa bila kuumbwa". Ario, padri wa Aleksandria, alifundisha kwamba Mwana ni kiumbe, tena cha kwanza na bora kuliko vyote, lakini kiumbe tu. Maaskofu wakakutana Nikea mwaka 325 na kumjibu kwa maneno hayo. Yaeleze kwa mfano wa seremala: kiti anakitengeneza, na kiti si mtu, mtoto anamzaa, na mtoto ni mtu kama yeye. Basi anayezaliwa na Mungu ni Mungu.

Usiishie hapo, kwa sababu seremala alikuwapo kabla ya mwanawe. Ongeza mara moja "tangu milele yote". Hakuna siku Baba alikuwa bila Mwana, na kuzaliwa huku hakuna mama wala mwili. Kwetu, ambako Mkristo na Mwislamu wanakaa baraza moja, swali la "Mungu anazaaje?" litakuja tu, na kijana asiyefundishwa kifungu hiki ataishia kubishana kwa sauti.

Neno "nafsi" nalo lipewe muda wake. Mtaani nafsi ni mtu mwenyewe, kwa hiyo nafsi tatu zinaweza kusikika kama miungu watatu. Njia nyepesi ni maswali mawili. Mungu ni nini? Jibu ni moja: umungu mmoja, usiogawanyika. Ni nani? Baba, Mwana na Roho Mtakatifu. (Sehemu ya Roho iwekewe kipindi chake, hata maaskofu waliirudia kwa kirefu Konstantinopoli, mwaka 381.)

Mwisho wa kipindi, wape swali moja waandike bila kunong'onezana: aliyekufa msalabani ni nani? Ukikuta karatasi zimeandikwa "Baba", kipindi kijacho anza upya na Yordani.