Kura ya mtaa na asilimia kumi: nani ashike mlango wa mkopo Kigoma Ujiji?

Mwaka 2024 mkazi wa Kigoma Ujiji aliitwa kujiandikisha mara mbili. Julai 20 Waziri Mkuu Kassim Majaliwa alizindua hapa hapa Kigoma uboreshaji wa Daftari la Kudumu la Wapiga Kura. Watu wakapanga foleni, wakapigwa picha, wakaondoka na kadi. Oktoba 11 vipaza sauti vikarudi mitaani: nendeni mkajiandikishe. Wapo waliotoa kadi mfukoni na kuuliza, hii ni ya nini basi? Ikabidi waelezwe kwamba ile ni ya Tume ya Uchaguzi, kwa ajili ya rais, mbunge na diwani. Hii ni orodha ya mtaa, iko chini ya TAMISEMI, wizara ya serikali za mitaa, haina kadi, na inafungwa Oktoba 20. Aliyeng'ang'ania kadi yake, Novemba 27, siku ya kuchagua wenyeviti wa mitaa, alibaki mtazamaji.

Matangazo hayo yalitaja tarehe na kituo. Hayakutaja kazi ya huyo mwenyekiti anayetafutiwa kura, na hapo ndipo penye shida. Mtu wa Gungu au Buzebazeba akiulizwa mwenyekiti wa mtaa anafanya nini, atakwambia anagonga muhuri. Ni kweli, ila muhuri huo unafungua milango mingi, na mmojawapo ni wa fedha.

Tangu sheria ya fedha za serikali za mitaa irekebishwe mwaka 2018, kila halmashauri inatakiwa kutenga asilimia 10 ya mapato yake ya ndani kwa mikopo isiyo na riba: 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana, 2 kwa watu wenye ulemavu. Fedha hizi hutoka kwenye ushuru wa soko, leseni za biashara, mwalo wa kushushia samaki. Maana yake mama anayeuza samaki aina ya migebuka Kibirizi, akilipa ushuru asubuhi, anachangia mkopo ambao yeye mwenyewe ana haki ya kuuomba. Anayekosa habari hiyo huishia kwa wakopeshaji wa riba kubwa, wale wa kausha damu, ambao tangazo lao linamfuata hadi kwenye meza yake ya biashara.

Lakini mkopo hauombwi hewani. Kikundi kinasajiliwa, kinafika kwa afisa maendeleo ya jamii wa kata, na kabla ya yote kinatambuliwa na serikali ya mtaa kwamba watu hawa ni wakazi na shughuli yao ipo. Mwenye kauli hiyo ya kwanza ni yule tuliyemchagua Novemba 2024, pamoja na mtendaji wake.

Aprili 2023 serikali ilisimamisha mikopo hii nchi nzima, baada ya ripoti za Mkaguzi Mkuu wa hesabu za serikali kuonyesha fedha zisizorejeshwa na vikundi hewa. Iliporejeshwa mwaka 2024, halmashauri 10 ziliteuliwa kujaribu njia mpya ya kupitisha fedha benki, na Manispaa ya Kigoma Ujiji ikawa miongoni mwao. Tangu hapo vijiwe vimegawanyika.

Wanaounga mkono benki wana hoja nzito. Kikundi hewa hakizaliwi makao makuu ya manispaa. Kinazaliwa mtaani, mtu akikusanya majina ya shemeji na wapwa. Mwenyekiti hana mshahara, anaishi kwa posho ndogo, na jirani aliyempigia kampeni anajua njia ya nyumbani kwake. Kumnyima barua ni kazi. Benki haina shemeji, na ikikopesha inafuatilia marejesho hata baada ya diwani kubadilika.

Upande wa pili husema benki haijui ziwa. Mwaka 2024 uvuvi Ziwa Tanganyika ulifungwa kuanzia Mei 15 hadi Agosti 15 ili samaki wazaliane. Kikundi cha wanawake wanaoanika dagaa, kikiwa na rejesho la kila mwezi, kingelipa kwa nini miezi hiyo mitatu? Mwenyekiti wa Kibirizi hahitaji kuelezwa. Ofisa wa mikopo aliyehamishwa jana kutoka mkoa wa mbali ataona tu safu nyekundu kwenye kompyuta yake. Halafu, wanasema, mwenyekiti akiharibu tunamtoa kwa kura. Meneja wa benki tutamtoa kwa lipi?

Hoja hii ya mwisho ningeipenda zaidi kama kura yenyewe ingekuwa na makali. Mwaka 2019 CHADEMA walisusia uchaguzi wa mitaa wakilalamikia wagombea wao kuenguliwa. Mwaka 2024 vyama vya upinzani vilishiriki, vikalalamikia hayo hayo, na CCM ikatwaa zaidi ya asilimia 98 ya mitaa nchini. Ukisema "tutamtoa 2029", kikundi kitakuwa kimeshakopa, kimeshakwama na kimeshavunjika.

Kwa hiyo sioni kwamba ugomvi ni kati ya benki na mtaa. Benki ishike fedha na marejesho, ikubali tu kalenda ya ziwa. Mtaa ubaki kutambua watu, kwa sharti kwamba utambuzi huo usifanywe mezani kwa mtu mmoja. Majina ya vikundi vilivyoomba, vilivyopata na vilivyokataliwa yasomwe kwenye mkutano wa mtaa na kubandikwa ukutani, pamoja na sababu. Kikundi hewa kinapita kirahisi kwenye faili; mbele ya majirani wanaojua nani anafuga kuku na nani hafugi, hakipiti.

Manispaa hii si ngeni kwa jambo hilo. Mwaka 2016 Kigoma Ujiji ilikuwa miongoni mwa serikali 15 za ngazi ya chini duniani zilizochaguliwa kuanza majaribio ya mpango wa kimataifa wa uendeshaji wa serikali kwa uwazi. Mwaka uliofuata Tanzania ikajitoa, na jaribio letu likakatikia njiani. Kubandika karatasi kwenye ukuta wa ofisi ya mtaa, hata hivyo, hakuhitaji mkataba na dunia. Gundi ipo, na orodha za wapiga kura zilibandikwa Oktoba 2024 kwenye kuta hizo hizo.