Atasema aliteleza bafuni

Mama mdogo alinipigia kutoka Chang'ombe (yetu ya Dodoma, si ile ya Dar) akaniuliza kama ni kweli huku Bondeni, yaani Afrika Kusini, wasagaji wametungiwa sheria yao. Nikamwambia si yao peke yao. Hata mimi mgeni nimo humo.

Sheria yenyewe ni ya uhalifu na kauli za chuki, Rais Ramaphosa aliitia saini Mei 2024. Inamlinda mwanamke anayempenda mwanamke mwenzake, inamtaja mwenye ualbino, inamtaja mhamiaji. Mimi nasuka nywele Springs, jirani na KwaThema. Mei 2008 ghasia za kuwafukuza wageni ziliua watu zaidi ya 60. Wiki chache kabla yake, Aprili 28, hapo KwaThema aliuawa Eudy Simelane, aliyechezea Banyana Banyana, timu ya taifa ya wanawake, naye alikuwa msagaji. Walimbaka, wakamchoma visu, wakamwacha kijitoni. Mmoja alifungwa miaka 32, mwingine maisha, ila jaji aliyemhukumu wa kwanza alisema usagaji wa marehemu haukuhusika na kifo chake.

Zoliswa Nkonyana alikuwa na miaka 19 vijana walipomuua Khayelitsha, Cape Town, Februari 2006, kwa usagaji wake. Adhabu ilitolewa Februari 2012, baada ya kesi kuahirishwa zaidi ya mara 40! Lakini mahakama ile ilitamka kwamba chuki ndiyo iliyowasukuma wauaji, na adhabu ikapimwa kwa uzito huo. Yote haya katika nchi ambayo Katiba yake ya 1996 inakataza ubaguzi wa namna hii. Kwa hiyo msidhani nawasifia huku kama peponi. Wateja wangu wa KwaThema wanataka nimalize kuwasuka kabla ya giza, na huku watu bado wanauita ubakaji wa msagaji "kumnyoosha".

Wapo wanaosema mauaji ni mauaji, sababu ya nini? Mimi naitaka sababu iandikwe, maana ndiyo inayoonyesha atakayefuata. Vikongwe wetu Tanzania waliuawa kwa kuwa na macho mekundu, wakiitwa wachawi, albino wakakatwa viungo, na mashtaka yakasomeka mauaji tu, kama vile watu waligombania ng'ombe.

Sasa msagaji akipigwa Dodoma, kwa kawaida anaanzia polisi kuchukua PF3, fomu ya majeruhi, kabla ya hospitali. Lazima aeleze kisa. Ibara ya 13 ya Katiba inasema watu wote ni sawa mbele ya sheria, lakini kichwani mwake kuna kifungu cha 154 cha Kanuni ya Adhabu, cha ngono "kinyume cha maumbile", na miaka yake isiyopungua 30. Kifungu hicho hakiwataji wanawake wawili, ila mwenye hofu hasomi vifungu. Atasema aliteleza bafuni. Na Bunge linaloweza kurekebisha hilo liko mjini humohumo, mwendo wa daladala.

Mama mdogo akasema mambo hayo kwetu hayapo. Sikubishana naye, ni mama yangu. Akanyamaza kidogo, kisha akaniuliza kama namkumbuka binti wa nyumba ya tatu aliyekuwa akicheza mpira na wavulana, yule aliyehamishiwa Singida ghafla, mkono ukiwa kwenye plasta.