Nepi za kitambaa: kufua ndiko kunakoamua

Mtoto anayebadilishwa nepi mara 4 kwa siku kwa miaka 2 na nusu hutumia zaidi ya nepi 3,600, na mtoto mchanga hubadilishwa mara nyingi kuliko hapo. Ndani ya kila nepi ya kutupa kuna plastiki laini, nyuzi zitokanazo na miti, punje za kemikali zinazofyonza mkojo na kuufanya uteute, lastiki na gundi. Vitu hivyo vimeshikamana mno, na kuvitenganisha ili vitumike tena ni kazi ngumu na ghali. Kwa hiyo nepi huishia jalalani au motoni.

Niko upande wa kitambaa. Lakini watetezi wake wengi hutoa hoja moja tu, kwamba kwa kuwa hakitupwi, basi hakina madhara. Hoja hiyo haitoshi, na inawapa wapinzani ushindi wa bure.

Mwaka 2008 Wakala wa Mazingira wa Uingereza ulilinganisha gesi joto, yaani zile zinazopasha dunia joto, zinazotokana na nepi za mtoto mmoja kwa miaka 2 na nusu. Za kutupa zilifikia kilo 550 hivi za kaboni dioksidi, za kitambaa kama 570. Tofauti ni ndogo sana. Kilichobadilisha hesabu ni ufuaji. Familia iliyojaza mashine kabla ya kuiwasha, ikaanika kwenye kamba na kumvalisha mtoto wa pili nepi zilezile, ilipunguza kilo 200 hivi. Iliyokausha kila kitu kwa mashine ilizizidi za kutupa kwa mbali. Uchambuzi mwingine wa serikali hiyo, uliotoka mwaka 2023, uliona kitambaa kinatoa gesi hizo pungufu kwa takriban asilimia 25, ingawa katika baadhi ya vipimo vingine bado kilibaki nyuma. Jua na upepo, basi, vina uzito kuliko aina ya pamba uliyonunua.

Upande wa pili una hoja nzito ambayo majedwali ya kaboni hayaionyeshi: maji, na mikono ya anayefua. Nyumba inayochota maji kwa ndoo haifui nepi kwa urahisi, na mara nyingi anayechota na kufua ni mama yuleyule aliyekesha na mtoto. Kumwambia mama huyo kwamba anaharibu dunia kwa kununua nepi za dukani ni kumwonea. Hata hivyo, hoja hii haikiangushi kitambaa. Inadai kazi igawanywe. Nepi za kitambaa za siku hizi zina vifungo na kava isiyopitisha maji, hazihitaji pini wala ufundi wa kukunja, na baba anazifua vizuri tu.

Nisichokubaliana nacho kabisa ni ile njia inayouzwa kama ya katikati: nepi za kutupa zilizoandikwa kwamba ni za mianzi au kwamba zinaoza. Mara nyingi mwanzi uko kwenye tabaka moja au mawili, na katikati punje za kufyonza ni zilezile. Tena jalala lililoshindiliwa halina hewa. Kinachooza humo huoza polepole na kutoa methani, gesi inayopasha dunia joto kuliko kaboni dioksidi. Nepi hizo zina maana pale tu ambapo kuna huduma ya kuzikusanya na kuziozesha kwa joto kali. Mboji ya bustanini haifai, kwa sababu vimelea vya kinyesi havifi. Na kinyesi chenyewe, nepi iwe ya aina gani, kinatakiwa kumwagwa chooni kwanza.

Wapo pia wanaomsoma mtoto dalili zake na kumshikilia juu ya poti tangu miezi ya mwanzo. Inawezekana, na inapunguza nepi kweli, ila inataka mtu aliye karibu naye kutwa nzima.

Kwa familia nyingi naona mchanganyiko ndio unaodumu: kitambaa mchana, ya kutupa usiku ili watu walale. Seti ya nepi 20 hivi inatosha kufua kila baada ya siku mbili au tatu, na zilizotumiwa na mtoto mwingine zikifuliwa vizuri hazina tatizo. Kwa mpango huo, mtoto yule wa nepi 3,600 anabaki na 900 na kidogo.