Rekodi ya kwanza ya jazi ya 1917: heshima tuwape nani?

Tarehe 26 Februari 1917, kwenye studio ya kampuni ya Victor jijini New York, wanamuziki watano weupe kutoka New Orleans waliojiita Original Dixieland Jass Band walirekodi nyimbo mbili, Livery Stable Blues na Dixie Jass Band One-Step, na mpaka leo ukiuliza jazi ilirekodiwa lini kwa mara ya kwanza utatajiwa siku hiyo. Kuna watu wakisikia hivyo damu inawachemka na mi nawaelewa kabisa, muziki ni wa watu weusi alafu cheti cha kuzaliwa kina jina la wengine. Wengine wanasema tusichanganye siasa na muziki, santuri ipo, tarehe ipo, basi. Mi nimezisikiliza sana hizi rekodi na naona pande zote mbili kuna kitu zinakiruka.

Kwanza tuwajue wenyewe. Nick LaRocca alipiga koneti (tarumbeta fupi), mtoto wa wahamiaji wa Kiitaliano toka Sicily, Larry Shields klarineti, Eddie Edwards tromboni, Henry Ragas piano na Tony Sbarbaro dramu. Mwaka 1916 walikuwa Chicago, Januari 1917 wakaanza kupiga kwenye mgahawa wa Reisenweber's New York na mji ukawapenda ghafla, kampuni za santuri zikaona hela. Hamna gitaa wala besi hapo, kwa hiyo wewe uliyekulia na Morogoro Jazz au Western Jazz usitegemee kitu cha kufanana, huku kwetu jazi lilikuwa jina la bendi za dansi na muziki wenyewe ulishika njia yake.

Sasa hoja za wanaopinga, na ni nzito. Muziki huu ulikuwepo New Orleans miaka mingi kabla ya 1917. Buddy Bolden alikuwa anatikisa mji na koneti yake mwanzoni mwa miaka ya 1900, akaugua akili, 1907 akapelekwa hospitali na hakutoka tena, na hakuna hata sahani, yaani santuri, moja ya kwake iliyopatikana. Nyuma yake kulikuwa na Joe Oliver, Freddie Keppard, Kid Ory na wengine, vijana weupe wa mji uleule walikuwa wanasikia hizi bendi mtaani, kwenye gwaride na kwenye misiba. Mtu anayeniambia LaRocca na wenzake walizua hii kitu wenyewe siwezi kumwelewa.

Alafu angalia zile nyimbo mbili zenyewe. Ndani ya Dixie Jass Band One-Step kuna kipande cha That Teasin' Rag cha Joe Jordan, mtunzi mweusi, na Victor ilibidi wabadilishe lebo ya santuri ili jina la kazi yake lionekane. Livery Stable Blues nayo ikaishia mahakamani Chicago mwaka huohuo wa 1917, LaRocca upande mmoja, Alcide Nunez na Ray Lopez, wanamuziki wengine wa New Orleans, upande wa pili, kila mtu anasema ya kwangu, na jaji akaamua kwamba hakuna upande wenye haki ya kuimiliki. Yaani sahani inayoitwa mwanzo wa jazi, pande zake zote mbili zina ugomvi wa nani mwenye mali.

Na kilichoharibu zaidi ni LaRocca mwenyewe, maana uzeeni alishupaa kabisa kwamba jazi ni kazi yao wao na watu weusi hawakuchangia lolote. Hiyo ni uongo mtupu na imewagharimu, watu wengi wanaikataa santuri kwa sababu ya mdomo wa yule mzee.

Ila mi nasema tutenganishe madai ya LaRocca na sauti iliyomo kwenye sahani. Ukiiweka Livery Stable Blues unasikia klarineti inawika kama jogoo, koneti inalia kama farasi, tromboni inatoa sauti ya ng'ombe, na wengi wanaishia hapo wanasema huu ni mchezo wa kuchekesha tu. Rudia tena ila sikiliza chini ya ile mifugo, koneti imeshika wimbo, klarineti inazunguka juu yake haitulii, tromboni inateleza chini inaziba mapengo, vyombo vitatu vinaongea kwa pamoja na havigongani. Huo ndo mtindo wa New Orleans na hawa jamaa walikuwa wanaujua vizuri, hawakuigiza juujuu. Bix Beiderbecke, kijana wa Iowa, alianza koneti kwa kufuatisha santuri zao nyumbani, Tiger Rag waliyoirekodi 1918 ikiwemo. Louis Armstrong mwenyewe alizimiliki santuri zao na aliwasema vizuri. Kama Armstrong hakuona aibu sioni kwa nini mi nione.

Kuna hoja moja inarudiwa sana, kwamba hawa hawakuwa jazi kwa sababu hawakubuni papo kwa papo, kila mtu alikariri kipande chake na kila siku wanapiga vilevile. Ni kweli walikariri. Ila chukua sasa King Oliver's Creole Jazz Band, bendi ya yuleyule Joe Oliver, ya watu weusi ambayo hakuna anayebisha kwamba ni jazi, waliirekodi Dippermouth Blues kwa kampuni ya Gennett Aprili 1923 na miezi michache baadaye wakairudia kwa Okeh. Sikiliza solo ya Oliver kwenye zote mbili, karibu ni ileile. Mtu mzima ameitengeneza solo yake, ameipenda na anaipiga anavyoijua, na ni moja ya solo tamu kuliko zote za miaka ile. Sasa kipimo kinachomtupa nje LaRocca kikimpimia Oliver naye anatoka, kwa hiyo kipimo ndo kibovu.

Tofauti kubwa mi naiona kwenye mdundo na kwenye bluzi. Bendi ya 1917 inakimbia, imekakamaa kidogo, bado ina harufu ya ragtaimu, muziki wa piano uliotangulia jazi. Bendi ya Oliver inatembea imelegea vizuri, noti zinapindishwa, unasikia watu ambao bluzi wameikuta nyumbani. Hapo Oliver anashinda na sina wasiwasi nalo.

Lakini ushindi huo wengi hawausikii, na hapa ndo kwenye jambo ambalo kwangu ni kubwa kuliko nani wa kwanza. Victor walikuwa na mafundi wazuri kuliko karibu kila mtu enzi zile za kurekodi bila maikrofoni, unapiga mbele ya pembe kubwa na sauti inachora nta, na watu watano wasio na besi walienea vizuri mbele ya pembe moja, kila chombo kimewekwa umbali wake, mpaka leo rekodi ya 1917 inasikika safi. Oliver na wenzake miaka 6 baadaye walipanda treni kwenda Richmond, Indiana, kwenye studio ya Gennett iliyokuwa pembeni ya reli, treni ikipita lazima wasimame. Armstrong, aliyekuwa kwenye bendi hiyo, alisogezwa nyuma kabisa maana koneti yake ilikuwa inammeza Oliver, na mpiga dramu wao Baby Dodds, dramu yake yote ile, sehemu kubwa unachomsikia anagonga ni vipande vya mbao. Yaani bendi bora imebaki na sauti hafifu na bendi iliyo chini yake imebaki na sauti nzuri, alafu sisi tunakaa miaka 100 baadaye tunalinganisha kana kwamba walipewa nafasi sawa.

Na kwa nini 1923 na sio 1917? Inasimuliwa kwamba Keppard alipata nafasi ya kurekodi na Victor mwaka 1916 akakataa, wengine wanasema aliogopa kuibiwa mtindo, wengine wanasema hakutaka kufanya majaribio bila malipo. Watu wanapenda kuitumia hii kumaliza mjadala, kwamba mweusi alipewa akakataa mwenyewe. Sikubali. Mtu mmoja kukataa hakuelezi kwa nini bendi nyingine zote za weusi wa New Orleans hazikuwa na santuri mpaka Kid Ory aliporekodi California mwaka 1922. Kampuni zilianza kuamini kuna soko kwa weusi pale Crazy Blues ya mwimbaji mweusi Mamie Smith ilipouza kupita kiasi mwaka 1920. Kabla ya hapo mlango ulikuwa umefungwa toka ndani, kwa hiyo "rekodi ya kwanza" inatuambia zaidi kampuni zilimfungulia nani kuliko nani alikuwa anapiga.

Msimamo wangu basi, tarehe wabaki nayo, 26 Februari 1917 hakuna wa kuifuta, na sifa ya kupiga vizuri wapewe maana wameipata kwa jasho lao. Ila kila inapotajwa ile sahani na Joe Jordan atajwe kwenye sentensi hiyohiyo, na Bolden, na anayetaka kuanza kuisikiliza jazi ya zamani asiishie pale, siku hiyohiyo aweke na zile za Oliver za Gennett, avumilie mikwaruzo, aongeze sauti.