Kwani lazima ipande mnadani?

Jumamosi nilikuwa Newala kwa dada yangu, tumekaa barazani tunachambua korosho kabla ya kuzipeleka chamani. Mpwa wangu, binti wa kidato cha pili, akasema: "Mjomba, unajua namba tasa kubwa kuliko zote zinazojulikana ina tarakimu milioni 41?" Kabla sijajibu, mzee jirani akadakia: "Hiyo itapandisha bei mnadani?" Watu wakacheka. Mtoto akainamia ungo wake, kimya.

Iliniuma, na hadi leo inaniuma.

Namba tasa haigawanyiki ila kwa 1 na kwa yenyewe. Hiyo aliyoitaja hupatikana kwa kuzidisha mbili 136,279,841 zenyewe kwa zenyewe, kisha kutoa 1. Luke Durant, Mmarekani, aliipata Oktoba 2024 kupitia GIMPS, mradi wa watu wanaotoa kompyuta zao kwa hiari kutafuta namba tasa za aina hiyo. Ina tarakimu 41,024,320. Andika moja kila sekunde, usile wala usilale, zitapita siku 474.

Haya, nakubali haina kazi ya kuifanya. Namba tasa zinazolinda siri za intaneti ni za tarakimu mia kadhaa tu. Lakini tangu lini mtoto akaombwa risiti ya faida kabla hajaruhusiwa kushangaa?

Mzee alipoondoka tulizitumia korosho zilezile. 24 zilikaa safu nne za sita, zikakaa tatu za nane. 23 ziligoma: mstari mmoja mrefu, basi. Binti akataka kujua kama kanuni ya kuzidisha mbili na kutoa 1 hutoa namba tasa kila idadi ya hizo mbili ikiwa tasa. Mbili 2, yaani 2 mara 2 kisha toa 1, tukapata 3. Mbili 3, tukapata 7. Tano zikatoa 31, saba zikatoa 127. Zote tasa. Mbili 11 zikatoa 2047. Akagawa kwa 3, 7, 11, 13, 17, 19, daftari limejaa vumbi la korosho, hadi akapiga kelele: 23 mara 89! Hata Mersenne, mtawa wa Ufaransa, alinaswa: mwaka 1644 aliweka 67 kwenye orodha yake ya idadi za mbili zinazotoa namba tasa, kumbe mbili 67 hazitoi. Vigawo vya namba hiyo ya mbili 67 vilionyeshwa na mwanahisabati Frank Nelson Cole mwaka 1903: 193,707,721 mara 761,838,257,287.

Nikamuuliza ile namba kubwa inaishia na tarakimu gani. Akaandika 2, 4, 8, 16, 32, 64, akaona mwisho unazunguka: 2, 4, 8, 6, kisha 2 tena. Akagawa 136,279,841 kwa 4, ikabaki 1.

"Mzunguko unaangukia 2. Ukitoa 1, inabaki 1. Mjomba, inaishia na 1!"

Dada yangu, aliyeishia darasa la saba, akaacha ungo. "Umeiona wapi namba yote hiyo?"

"Sijaiona, mama."

Akajifuta mikono kwenye kanga, akasogea. "Hebu lete hilo daftari."