Dawa za Kichina baada ya UVIKO-19: nafuu ipi, ushahidi upi?

Aprili 2022, watu wa Shanghai wakiwa wamefungiwa majumbani, waligawiwa visanduku vya Lianhua Qingwen, dawa ya mitishamba iliyobuniwa China wakati wa mlipuko wa SARS, ugonjwa mkali wa mapafu, wa 2003. Mitandaoni kukazuka ubishi mkali: inaponya au haiponyi?

Watetezi wake wana la kuonyesha. Utafiti uliochapishwa 2020 ulihusisha wagonjwa 284 wa UVIKO-19. Waliopewa dawa hiyo pamoja na matibabu ya kawaida waliondokewa na homa, uchovu na kikohozi kwa wastani wa siku 7. Wenzao siku 10. Siku tatu si haba kwa mtu anayekesha akikohoa. Lakini utafiti huohuo haukuona tofauti ya maana katika virusi kuisha mwilini, wala katika idadi ya waliozidiwa. Tena hakukuwa na dawa bandia ya kulinganishia, kwa hiyo kila mgonjwa alijua anameza nini. Hapo ndipo ninaposita. Wengi hupona mafua makali hata wasipomeza kitu, na dawa yoyote iliyotumika siku hizo hupewa sifa.

Hoja kwamba ni ya asili, basi haina madhara, siikubali kabisa. Lianhua Qingwen ina mmea uitwao mahuang, wenye efedrini, inayopandisha presha na kuharakisha mapigo ya moyo. Mtu anayejiuguza baada ya UVIKO-19, ambaye bado moyo unamwenda mbio akipanda ngazi, anaongezewa mzigo.

Hata hivyo, kuidharau tiba ya Kichina ni kusahau dawa mseto ya malaria, ambayo kiungo chake kimoja kinatokana na mmea wa pakanga. Mtafiti wa China, Tu Youyou, alipata dokezo la pakanga katika kitabu cha tiba cha Kichina cha karne ya 4, akachuja, akajaribu kwa wanyama, kisha kwa watu. 2015 akapewa Tuzo ya Nobel. Kitabu kilimpa pa kuanzia tu. Ushahidi ulitoka maabara na wodini.

Kwa anayejiuguza, mazoezi ya polepole ya Kichina kama Baduanjin, yanayounganisha pumzi na miondoko, nayaona salama zaidi kuliko vidonge, mradi aache akichoka. Mwenye presha amwonyeshe daktari kisanduku cha dawa kabla ya kumeza. Na kikohozi kikifika wiki mbili, apimwe kifua kikuu kwanza.