Kampuni za RPG tunawadai kitu kidogo tu, ila wakilipe

Kila toleo jipya la gemu ya RPG (zile za mezani ambazo kila mchezaji anaigiza mhusika wake) likitangazwa kelele ni zilezile, watu wanaandika utadhani wameachika. Kampuni imetusaliti, vitabu vyetu vimekufa, hela zimeliwa. Mi hapo huwa siko nao kabisa. Dungeons & Dragons (D&D) toleo la nne lilipotoka 2008 hakuna aliyekuja kukunyang'anya vitabu vya toleo la tatu kabatini kwako, na kama hukulipenda (wengi hawakulipenda, na kampuni ya Paizo wakatokea hapohapo, 2009 wakatoa Pathfinder iliyojengwa juu ya sheria zile za zamani) ulikuwa na ruhusa ya kuendelea na ya kwako mpaka uzeeke. Kuna watu mpaka leo wanacheza kwa sheria za 1974, zile za Gygax na Arneson walioitunga D&D, na dadu zinaviringika vilevile. Gemu ya mezani haitaki seva. Inataka kitabu, penseli na watu watano wenye nafasi siku moja, na huyo wa tano ndo shida kumpata.

Kwa hiyo toleo lisilozeeka hatuwadai. Wala hatuwadai waendelee kutoa vitabu vya gemu tunayoipenda mpaka kiama, au gemu ibaki kama ilivyokuwa siku tunaanza kucheza. Kampuni inaishi kwa kuuza vitabu, TSR, waliokuwa wa kwanza kuichapisha D&D, mambo yaliwakalia vibaya mpaka 1997 wakanunuliwa na Wizards of the Coast, wanaoitoa mpaka leo, kwa hiyo wakitaka kuuza kipya wauze tu, asiyetaka asinunue.

Tunachowadai ni nilicholipia kiwe kizima, halafu kibaki changu.

Kizima sitasema sana. Sheria ziwe zimechezwa na watu wengine kabla ya kuuzwa, sio aliyeziandika na marafiki zake tu ambao wanajua alichomaanisha hata kama hajakiandika. Kitabu kisikwambie "tazama ukurasa wa XX" kwa sababu mhariri alisahau kujaza namba. Kukiwa na makosa, masahihisho yatolewe bure, na yasije yakawa ndo sababu ya kuniuzia kitabu kilekile mara ya pili na jalada jipya. Basi.

Hilo la kubaki changu ndo linaloniudhi, maana kitabu cha karatasi kilikuwa kinajilinda chenyewe na sasa hivi nusu ya tunachonunua kiko kwenye akaunti ya mtu mwingine. Aprili 2009 Wizards walisimamisha uuzaji wa PDF zao zote, sababu ikiwa ni uharamia, na sio kwamba waliacha kuuza tu, hata aliyekuwa ameshalipa akirudi dukani kudaunilodi tena faili lake anakuta limefungwa. Sa jiulize nani aliumia hapo. Mwizi faili lake lilikuwa salama salimini kwenye kompyuta, aliyelipa ndo akabaki anashangaa. PDF zikarudi sokoni 2013.

Af Agosti 2024, vitabu vipya vinakaribia kutoka, D&D Beyond, tovuti rasmi ya D&D, wakatangaza kwamba spelo (uchawi anaofanya mhusika) na vifaa vya kichawi vya 2014 kwenye karatasi za wahusika vitabadilishwa viwe vya 2024. Yani uko katikati ya kampeni (hadithi moja mnayoicheza kwa miezi), mchawi wako ana spelo unayoijua kwa moyo, unafungua karatasi unakuta imeandikwa upya bila wewe kugusa kitu. Watu walichachamaa na ndani ya siku chache kampuni ikarudi nyuma, sawa, hongera, lakini kwanza wazo kama hilo lilipitaje kwenye kikao?

Na ile ya OGL, leseni inayomruhusu yeyote kuiandikia D&D na kuuza, Januari 2023 naiweka kundi hilohilo, ingawa kuna wanaosema yale yalikuwa mambo ya wachapishaji wadogo, mteja hayamhusu. Yanamhusu sana bana. Leseni ya 2000 ilikuwa sehemu ya tulichonunua, watu walichagua gemu hii kwa sababu kila mtu anaweza kuiandikia, halafu rasimu ya leseni mpya ya Wizards ikavuja inataka leseni ya zamani ife na anayeingiza zaidi ya dola 750,000 kwa mwaka akatwe asilimia 25 ya kinachozidi hapo. Januari 27 wakasalimu amri wakaziweka sheria za msingi chini ya Creative Commons, leseni ya wazi kwa kila mtu, ambako hazirudishiki tena. Hivyo ndo deni linavyolipwa, unatoa kitu ambacho hata wewe mwenyewe ukibadilisha bosi huwezi kukichukua.

Kuna atakayeniambia soma masharti, kule onlaini hukununua kitabu, ulinunua ruhusa ya kukisoma. Najua. Basi kitufe kiandikwe "kodisha" na bei iwe ya kukodisha, tuone wangapi watakibonyeza. Na kama seva ni gharama siwalazimishi waziendeshe milele, ila siku wanayotangaza kuzima watoe miezi kadhaa na faili la kawaida ambalo mtu anaweza kulidaunilodi, kulihifadhi na kuliprinti, pamoja na karatasi za wahusika wake na noti zote za kampeni. Wachapishaji wadogo kibao wanatoa PDF ya hivyo siku ya kwanza kabisa, na hawana hata robo ya wafanyakazi wa Hasbro, kampuni inayoimiliki Wizards.